Kikwembe: neno la matambara ao neno la heshima?

Utangulizi

Kati ya maneno ambayo sisi watu wa Kivu tunasema kila siku bila kuyafikiri, kuna neno kikwembe. Mama anajifunga kikwembe, anabeba mtoto kwa kikwembe, usiku anajifunika kikwembe, na siku ya kilio analalia kikwembe chini kwenye matanga. Mu soko la Kadutu ao la Nyawera, hapa Bukavu, bikwembe vimepangwa kama vitabu kwenye rafu, na muuzaji anavisoma kwa jicho moja tu. Lakini muulize mtu aliyesoma: neno hili maana yake ni nini, na limetoka wapi? Atakupa jibu moja kati ya matatu. Wa kwanza atasema ni neno baya la Kiswahili kibovu. Wa pili atasema ni vazi la mababu. Wa tatu atacheka na kusema kwamba hakuna kitu chetu hapo, yote ni ya wazungu.

Katika kitabu hiki tumezoea kusifu desturi zetu, na ni vizuri. Lakini kusifu bila kuchambua kunafanya desturi iwe kama picha ya ukutani. Kwa hiyo nataka tuyapime majibu haya matatu, moja kwa moja. Mimi naona kila moja limeshika kipande cha ukweli, na kila moja limekosa kitu.

1. Jibu la shule: kikwembe ni tambara

Mtu akifungua kamusi za Kiswahili sanifu, zile zinazotufikia kutoka Tanzania, atakuta kwamba kikwembe ni kipande cha nguo, na zaidi sana nguo kuukuu, nguo iliyochakaa. Kwa watu wa pwani, ukimwambia mama wa heshima kwamba amevaa kikwembe, unaweza kuwa umemtukana. Kile sisi tunachoita kikwembe, wao wanakiita kitenge, na kile chembamba chenye maandishi wanakiita kanga ao leso.

Hapo ndipo matata ya shule yanaanza. Niliona siku moja, katika daftari la mwanafunzi wa shule fulani, sentensi hii: "Siku ya ubatizo, mama alivaa kikwembe kipya." Mwalimu alikuwa amekata neno kikwembe kwa wino mwekundu, akaandika juu yake kitenge, na pembeni akaongeza: "Tambara haliwezi kuwa jipya." Kwa kamusi, mwalimu ana haki. Lakini tuangalie mtoto huyu amejifunza nini. Alikuwa anataka kusema kwamba mama yake alipendeza. Amerudi nyumbani na habari kwamba mama yake anavaa matambara, na kwamba maneno ya kinywa cha mama yake hayafai kuandikwa. Hilo si somo la lugha. Ni somo la haya.

Mimi sisemi kwamba kamusi imekosa. Kamusi inaeleza namna watu fulani wanavyosema, pahali fulani. Kosa ni letu sisi walimu, tunapoifanya hakimu juu ya watu ambao haikuwasikiliza. Tuchukue neno shuka. Wakati wa misafara ya karne ya 19, shuka lilikuwa kipimo cha nguo ya kuvaa, karibu yadi 2. Leo, mtu wa Dar es Salaam akisikia shuka, anafikiri kwanza kitanda. Wakati uleule, vazi la Wamasai la kujitanda mabegani linaitwa shuka, na hakuna mwalimu anayewaambia kwamba wanavaa kitanda. Neno moja linaweza kuishi maisha mawili. Juu ya nini maisha yetu ndiyo yahesabiwe kuwa makosa?

Tena, kitenge si neno tusilolijua. Tunalijua na tunalitumia. Lakini mtu akisema kitenge, mimi naona kitambaa chenyewe: rangi, maua, bei. Akisema kikwembe, naona tayari mama anayejifunga, anayekaza fundo kiunoni na kuendelea na kazi. Kuondoa neno moja kati ya mawili haya ni kupunguza lugha, hata kama nia ilikuwa kuisafisha.

2. Jibu la hotuba: kikwembe ni vazi la mababu

Jibu la pili tunalisikia kila tarehe 8 Machi. Wamama wamevaa sare, mwenye kutoa hotuba anasimama na kusema: "Tunaona furaha kuwaona katika vazi la mababu zetu." Watu wanapiga makofi. Ni maneno matamu, lakini hayasimami mbele ya historia.

Mababu walivaa nini? Kwa upande wetu wa milima, walivaa ngozi, na nguo za ganda la muti lililopigwa kwa nyundo mpaka linakuwa laini. Kwa upande wa Maniema, Kasai na Katanga, walijua kufuma nguo za rafia, tena kwa ufundi mkubwa, na vipande vyake vilitumika hata kama feza. Pamba iliyofumwa kwa mashini haikuwa ya mababu hao. Ilikuja baadaye, kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ya misafara kutoka pwani. Nguo kubwa ya misafara hiyo iliitwa merikani, na jina linasema lenyewe lilikotoka. Ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa Massachusetts, kule Marekani, na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Mwaka 1833, Marekani na Sultani Sayyid Said walifanya mapatano ya biashara. Kutoka Zanzibar, merikani na kaniki, ile ya rangi ya nili, zilibebwa kichwani na wapagazi mpaka Ujiji, na kuvuka Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe. Mwaka 1871, Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo yake ilikuwa nguo za namna hiyo, juu hizo ndizo zilikuwa feza ya njiani. Zilihesabiwa kwa shuka na kwa doti, doti moja ikiwa mashuka mawili, ni kusema yadi 4. Tusisahau pia kwamba njia ileile iliyoleta nguo ndiyo iliyobeba pembe na watumwa. Na ndiyo njia iliyotuletea Kiswahili. Kwetu, nguo na lugha zilishuka katika mzigo mmoja.

Jambo la kufurahisha ni hili: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, kati ya 1861 na 1865, pamba yao ilikosekana, na viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikapata nafasi. Lakini watu waliendelea kusema merikani, hata kwa nguo ambayo haikuona Marekani hata siku moja. Wabelgiji nao walilichukua, wakaandika américani katika Kifaransa chao cha Kongo. Kitu kiligeuka, jina likabaki.

Njia ya pili ni ya wax. Asili yake ni batiki ya Java, nguo inayochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi. Waholanzi walikuwa wanatawala kule, wakajaribu kuiga kazi hiyo kwa mashini ili wawauzie watu wa Java wenyewe. Mwaka 1846, Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha katika mji wa Helmond kiwanda ambacho leo kinaitwa Vlisco. Watu wa Java hawakuipenda sana nguo ya mashini. Mwisho wa karne ya 19, soko lilipatikana Afrika ya Magharibi, kisha likaenea mpaka kwetu.

Katika Kongo yenyewe, serikali ya Wabelgiji ililazimisha kilimo cha pamba kuanzia 1917. Wazee wa nyuma walilima kwa kulazimishwa, wakauza kwa bei waliyopangiwa, kisha wakanunua nguo iliyofumwa kwa pamba hiyo. Viwanda vilijengwa hapa nchini: UTEXLEO kule Léopoldville, FILTISAF kule Albertville, ni kusema Kalemie ya leo, na baada ya uhuru SOTEXKI kule Kisangani. Mama wengi wenye umri wangu walivaa utotoni nguo za viwanda hivi.

Basi, ni lini kikwembe kiligeuka kuwa "vazi la mababu"? Jibu halitoki kwa mababu. Linatoka miaka ya 1970. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaïre, na siasa ya otantisite ikaingia mpaka kabatini. Wanaume waliambiwa waache koti na tai, wavae abakosti. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Kikwembe, ambacho kilikuwa nguo ya kawaida, kikawa sheria. Tangu hapo msichana mwenye suruali aliweza kusumbuliwa njiani juu ya adabu. Mnamo Aprili 1990, chama kimoja kilipoachwa, tai zilirudi, na suruali nazo zikarudi. Lakini hotuba zilibaki na mazoea yale: kikwembe ni mababu, na mababu ni adabu ya mwanamke.

Ni vizuri tuseme wazi: kila mara mtu anaposema "mababu" mbele ya wamama wenye sare, anarudia amri ambayo haijafikisha miaka mia. Mwanaume anayetoa hotuba hiyo, mara nyingi yeye mwenyewe amevaa koti na tai. Hakuna anayemuuliza vazi la mababu zake liko wapi.

3. Jibu la wajuaji: hakuna kitu chetu hapo

Wengine, baada ya kusikia habari hizi za Helmond na Java, wanakimbilia upande mwingine. Wanasema: "Kumbe tulidanganywa! Nguo ni ya Holandi, sasa zaidi ni ya China, na jina lenyewe la pagne ni la Kifaransa. Tunajivunia kitu cha wengine." Jibu hili linapendwa na vijana waliosoma, juu linamfanya msemaji aonekane mwenye akili kuliko wazazi wake.

Lakini ni jibu la haraka. Kama asili ya kitu ndiyo maana yake, basi muhogo, mahindi na maharagi si chakula chetu pia, juu vilitoka Amerika. Mtu anayefikiri hivyo aende kumwambia mama yake kwamba ugali si wa kwetu, aone atakula nini jioni.

Kitu kinakuwa cha watu kwa kazi wanayokifanyia. Tuangalie kazi hiyo. Yadi 6 zinatoa vipande vitatu vya yadi 2: kimoja cha kushonesha bluzi, kimoja cha kujifunga, na cha tatu cha kuongeza kiunoni, kujitanda ao kubebea mtoto. Mpango huo haukuamriwa na kiwanda. Ni wamama waliokata hesabu hiyo. Ni wao pia wenye kutoa majina. Kanga ya pwani inachapwa maneno, inasema yenyewe. Kikwembe chetu ni bubu, kina maua, ndege, viatu, macho ao vyombo, na ni wauzaji wanawake wa Afrika, kutoka Lomé mpaka Kinshasa, waliovipa vinywa. Nguo ya ndege anayetoka tunduni imeitwa kwa Kifaransa "Tu sors, je sors": ukitoka inje, mimi pia natoka. Mchoraji wa Helmond hakujua kwamba alikuwa anachora ugomvi wa bwana na bibi.

Tena kikwembe ni benki. Mama anaweka vipande sandukuni bila kuvikata, na siku mtoto anafukuzwa shuleni juu ya malipo, kipande kimoja kinashuka sokoni. Katika miaka ya vita, 1996 na 1998, watu wengi walikimbia na kile walichoweza kufunga haraka, na kile cha kufungia kilikuwa kikwembe. Kilifunga unga, kilifunga mtoto, usiku kilikuwa nyumba. Atakayesema kwamba kitu hicho si chetu, atuambie chetu ni kipi.

4. Asili ya neno, na mtego wa sauti

Turudi kwenye neno. Watu wa kwetu wanapenda kutafuta asili kwa masikio, na hapo mtego uko tayari. Mfano mzuri ni doti. Nimesikia mtu akieleza, tena mbele ya watu, kwamba doti tunayotoa kwa kuoa ni ile doti ya nguo ya misafara, juu zamani watu walioa kwa nguo. Inapendeza, lakini si hivyo. Doti ya ndoa ni dot ya Kifaransa, iliyotoka kwenye Kilatini, na maana yake ni mali inayotolewa kwa ajili ya ndoa. Doti ya nguo ilifika pwani pamoja na biashara ya Wahindi, wanaoita dhoti nguo yao ya kujifunga. Ni maneno mawili yaliyokutana njiani. Vilevile leso ya pwani ni lenço ya Wareno, kitambaa cha mkononi, ingawa leo inafunika mwili mzima.

Kuhusu kikwembe, tunaona wazi kiambishi ki-, ambacho kinywani kwa wingi tunasema bi-: bikwembe. Ni kiambishi cha vitu, na mara nyingi cha vitu vidogo. Kiko pia katika kitambaa, kitenge, kikoi na kisutu. Nguo nyingi katika Kiswahili zilipata jina la kipande, la kitu kilichokatwa kutoka kitu kikubwa. Na kipande cha nguo kiko karibu sana na tambara. Si katika Kiswahili tu. Wale wanaoona haya kusema kikwembe na kukimbilia pagne, wajue kwamba pagne imetoka kwa neno la Kihispania paño, na hilo limetoka kwa pannus ya Kilatini. Pannus ni nini? Ni kipande cha nguo, na pia tambara. Ukiacha kikwembe kwa kukimbia tambara, unalikuta linakungoja katika Kifaransa.

Lakini mimi naona jibu lenye nguvu kuliko la vitabu liko katika desturi yetu ya ndoa. Familia zikikaa kuzungumza mali ya kuoa, ng'ombe ao mbuzi wanahesabiwa, feza zinahesabiwa, kisha inakuja sauti ya mashangazi: "Na kikwembe ya mama iko wapi?" Mkwe sherti alete. Wengi wanafikiri ni zawadi tu. Wazee wanaeleza vingine: ni kurudisha vile bikwembe ambavyo mtoto huyu aliharibu. Mama alimbeba mgongoni, mtoto akakojoa, akatapika, nguo ikafuliwa kila siku mpaka ikapauka, ikachanika, ikawa ya kupangusia chini. Sasa mtoto amekua, anaenda kwa wengine. Anayemchukua alete kipya pahali pa kile kilichoishia kwake.

Hapo maana zote mbili zinakutana. Kikwembe kinaanza kikiwa cha kanisa na cha sherehe. Mwaka unaofuata kinashuka kuwa cha sokoni, kisha cha nyumbani, kisha cha kubebea mtoto, na mwisho ni tambara. Kamusi ya pwani imekiita jina kikiwa mzee. Sisi tunakiita jina hilohilo tangu siku kinapotoka sokoni. Tambara si tusi la kikwembe. Tambara ni kikwembe kilichomaliza kazi yake, na mkwe anapolipa kile kipya, analipa kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo ninasikitika nikiona desturi hii ikigeuzwa biashara. Kuna familia zinazoandika katika orodha aina ya wax, hesabu ya vipande, tena kwa ajili ya mama wadogo na mashangazi wote, mpaka kijana anakopa ao anakimbia. Mashangazi wanapapasa kitambaa kwa vidole, wanaangaliana, wanasema: "Hii si ya Holandi." Lakini kikwembe alichoharibu mtoto hakikuwa cha Holandi. Pengine kilikuwa cha Kalemie, ao cha kuazima. Kinachorudishwa ni heshima ya mgongo uliombeba, na heshima hiyo haina alama ya kiwanda.

5. Mambo ninayopendekeza

Kwa walimu wenzangu: tuwafundishe wanafunzi kwamba kwa Kiswahili sanifu nguo hii ni kitenge, juu watalihitaji neno hilo wakisoma ao wakisafiri. Lakini tusikate kikwembe kwa wino mwekundu. Tuandike pembeni: "Kwetu tunasema hivi, pwani wanasema vile." Mwanafunzi atapata maneno mawili pahali pa haya moja.

Kwa wenye hotuba: tuache kuwatia mababu katika nguo ambazo hawakuzivaa. Kama tunataka kuheshimu vazi la mababu, tuwatafute wazee wachache wanaojua bado namna ya kupiga ganda la muti na kufuma rafia, kabla hawajaenda na ujuzi wao.

Kwa familia zenye mabinti: kikwembe ya mama kibaki, lakini kibaki kimoja, na siku ya kukipokea mzee aeleze mbele ya vijana juu ya nini kinatolewa. Desturi isiyoelezwa inageuka kuwa deni tu.

Na kwa shirika letu: tukusanye majina ambayo wauzaji wa Kadutu, Nyawera na Uvira wanawapa bikwembe, pamoja na mwaka na maana yake. Majina haya hayako katika kamusi yoyote, na hayatangoji, juu kila mzigo mpya unaoshuka unafuta majina ya ule uliotangulia. Kazi hiyo inaweza kuanza na daftari moja na kalamu moja, siku yoyote ya soko.